Malwa moja inayopotea kwenye kila gunia

JUBA. Saa 12:30 asubuhi soko la Konyo Konyo limeshaamka. Vijana wa mikokoteni wanapigana vikumbo vichochoroni, maturubai yanakunjuliwa, na harufu ya samaki wakavu wa mto Nile inachanganyika na ya vitunguu vilivyoshushwa usiku kutoka Uganda. Kwenye kibanda kimoja cha nafaka, mama mmoja mfanyabiashara kutoka Arua anafunga begi lake. Leo anashuka Nimule. Mzigo wake wa mahindi na maharage umekwama upande wa Elegu na wakala wa forodha anataka kumwona yeye mwenyewe. Atarudi Jumapili, Mungu akipenda.

Anayebaki na kibanda ni msichana wa miaka 19 aliyeanza kazi Jumatatu. Leo ni Alhamisi.

Nilikuwa nimeketi kwenye gunia la jirani na kikombe cha chai, nikisubiri kuona atakavyokabidhiwa. Nilitegemea ufunguo, au daftari, au maonyo kuhusu wateja wa mkopo. Mama yule hakuanza na lolote kati ya hayo. Alichukua kopo la kupimia, akampa.

"Nipimie, binti."

Msichana akachota mahindi, akajaza mpaka yakatengeneza kilima juu ya kopo, akanyoosha mkono kumpa. Mama akayamwaga tena guniani. Akachota mwenyewe, akapitisha kijiti juu ya mdomo wa kopo, nafaka ikawa sawasawa kama uso wa meza. "Hivi, mama?" msichana akauliza akijaribu tena. Ilikuwa bado. Walirudia mara sita au saba, bila ugomvi, mpaka mkono wa msichana ukaacha kujaza kilima bila kuambiwa. Ndipo mama akaenda kutafuta gari.

Kwa msomaji ambaye biashara yake haijafika huku: nafaka ya rejareja Sudan Kusini haiuzwi kwa kilo. Inauzwa kwa malwa, kopo ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa na kilo tatu na nusu. Gunia la kilo 50 linatoa malwa 14 na kubakiza kilo moja. Sasa tuseme mfanyakazi mpya ana moyo mzuri, anamwongezea kila mteja kilima kidogo cha robo kilo. Kopo 14 mara robo kilo ni kilo tatu na nusu. Hiyo ni malwa nzima. Kila gunia linalofunguliwa, malwa moja imeondoka na hakuna aliyeiona ikitoka.

Mwenye duka akirudi kutoka mpakani anahesabu. Gunia lilipaswa kutoa malwa 14, pesa iliyopo ni ya malwa 13. Magunia kumi, malwa kumi. Atafikiri nini?

Atafikiri ameibiwa.

Nilikaa Juba siku sita, nikazungumza na wenye maduka wa Konyo Konyo, wa Custom, wa Jebel na wa ng'ambo ya mto kule Gumbo, barabara ya Nimule inapoingilia mjini. Nilikuwa nimekuja kuandika habari za ushuru. Lakini kila nilipoketi, mazungumzo yaliishia kwa wafanyakazi: nimeajiri watatu mwaka huu, wote wezi, hawa vijana hawafundishiki, bora nilete mtoto wa ndugu yangu kutoka nyumbani. Walisema hivyo Waganda, Wakenya, Waethiopia, na hata wenyeji wenye maduka yao.

Wezi wapo, sikatai. Lakini nilipouliza siku za kwanza za mfanyakazi yule zilikwendaje, majibu yalifanana mno. Alifika, akaonyeshwa bei, akaambiwa "angalia tu ninavyofanya", na baada ya siku chache mwenye duka akapanda basi. Hakuna aliyemshika mkono kwenye kopo. Naamini sehemu kubwa ya kinachoitwa wizi katika biashara hizi ndogo ni mafunzo ambayo hayakutolewa. Nina sababu yangu ya kuamini hivyo.

Deni langu la Namanga

Mwaka 2009 nilikuwa nasubiri kuingia chuo kikuu, nikapelekwa Namanga kumsaidia shangazi kwenye duka lake la vyakula. Wanaoijua Namanga wanajua kwamba duka moja linapokea shilingi za Kenya na za Tanzania kwa pamoja, na chenji inaweza kutoka kwa aina yoyote. Shangazi aliniambia asubuhi ya kwanza kwamba shilingi moja ya Kenya ni 17 ya Tanzania. Hakuniambia kwamba hiyo ilikuwa bei ya asubuhi ile tu. Wiki ya pili ilikuwa imesogea, yeye aliisikia sokoni kama wote walivyoisikia, mimi nikaendelea kuzidisha kwa 17.

Pesa ikapungua. Si nyingi kwa siku, lakini kila siku. Jumamosi moja shangazi akafunga mlango, akaniuliza mbele ya jirani yake kama nina mtu ninayemtumia pesa. Sijasahau jirani yule alivyoangalia sakafu. Ilichukua siku mbili kugundua kosa liko wapi, na tulipogundua hakuna aliyeomba radhi, maana kwetu mkubwa haombi radhi kwa mtoto wa kaka yake. Aliniongezea nyama kwenye sahani, basi, nikaelewa.

Mimi nilikuwa mtoto wa nyumbani. Nilikuwa na baba wa kunitetea na lugha ya kujieleza. Msichana wa Konyo Konyo anayefanya kazi kwa mgeni hana shangazi pale. Akiambiwa mwizi, jambo linakwenda kwa ndugu zake, kwa mkuu wa soko, pengine polisi, na haliwi tena suala la malwa moja. Linakuwa la mgeni na mwenyeji.

Mwenye duka hayupo dukani

Kwa nini jambo hili ni kubwa Juba kuliko miji mingine yetu? Kwanza kwa sababu ya umbali. Kutoka Kampala mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 600. Kipande cha Nimule hadi Juba, kilomita 192, kiliwekwa lami kwa fedha za Marekani na kufunguliwa mwaka 2012, na tangu hapo ndicho mshipa wa mji: unga, sukari, saruji, nyanya, soda, vyote hupita hapo. Mfanyabiashara mdogo hana meneja wa ununuzi. Yeye ndiye anayenunua, anayesindikiza mzigo, anayebishana na forodha na anayeuza. Akiwa Elegu hayupo Juba. Kwa wengi niliozungumza nao, nusu ya mwezi duka linaendeshwa na mtu mwingine.

Pili ni pesa yenyewe. Mpaka Desemba 2015 dola moja ilikuwa pauni 2.95 kwa bei ya serikali. Benki Kuu ilipoiachia pauni itafute bei yake sokoni, siku hiyohiyo ikaangukia 18 na zaidi. Leo dola inahesabiwa kwa maelfu ya pauni. Mwenye mzigo uliolipiwa kwa shilingi za Uganda au dola lazima abadili bei kila mara, wakati mwingine asubuhi na alasiri siku moja. Mfanyakazi aliyekaririshwa bei Jumatatu atakuwa anauza kwa hasara Ijumaa, kwa uaminifu kabisa, kama mimi na ile 17 yangu.

Na tatu ni siasa ya ajira, ambayo kila mfanyabiashara wa kigeni anaifahamu hata kama haizungumzi. Mwaka 2013 wageni walizuiwa kuendesha bodaboda Juba, na Waganda wengi waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo wakarudi kwao. Septemba 2014 Wizara ya Kazi ilitoa waraka ukiyataka mashirika na kampuni yawaondoe wafanyakazi wa kigeni ili nafasi zao wapewe wananchi. Majirani walipopiga kelele, serikali ikalegeza kauli. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Itifaki ya Soko la Pamoja inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Lakini kijana wa Juba asiye na kazi hasomi itifaki. Anaangalia nani amesimama nyuma ya meza ya duka.

Kwa hiyo yule anayesema "bora nilete mtoto wa ndugu yangu" anajitafutia gharama nyingine: kibali, nauli, chakula, pa kulala, na macho ya mtaa. Kuajiri mwenyeji ni nafuu na ni busara. Kinachobaki ni kumfanya aweze kazi haraka, kabla safari inayofuata ya Nimule haijafika.

Siku tatu za kwanza

Wale niliowaona wakifaulu hawakuwa na kanuni iliyoandikwa popote, na wengine hawakukubaliana. Lakini walifanana kwenye jambo moja lililonishangaza: walimpa mfanyakazi mpya kazi yenyewe mapema sana. Desturi yetu ni kumwanzisha mtu kwa kufagia. Anafagia mwezi, anabeba mwezi, anatumwa maji, na siku moja mwenye duka anaumwa, ndipo kijana anakabidhiwa sanduku la pesa kwa mara ya kwanza, bila mtu wa kumsimamia. Tunaita hiyo kumpima uvumilivu. Uvumilivu anaupata, ila kuuza hajui.

Mama wa Arua alimsimamisha msichana mbele ya wateja siku ya kwanza, lakini kwa bidhaa moja tu: mahindi. Maharage hakugusa. Mchele hakugusa. Mteja wa mchele alipokuja, mama alisimama mwenyewe. Siku ya pili yakaongezwa maharage na pesa. Siku ya tatu akaachwa peke yake kuanzia saa nne mpaka saa sita, mama akiwa kibanda cha pili akinywa chai na kujifanya haangalii.

Muuza vipuri vya pikipiki kule Custom, Mkenya, yeye aligawa duka kwa rafu. Kijana wake mpya alipewa rafu ya vilainishi na plagi peke yake kwa wiki nzima. Akiulizwa breki au mnyororo, jibu lilikuwa ni kumwita mwenye duka, hata kama anajua. Nilimuuliza kama wateja hawachoki kusubiri. Wanachoka, alikiri, na wengine huondoka. Lakini aliona ni afadhali mteja mmoja aondoke kuliko kumi wauziwe breki isiyoingia kwenye pikipiki yao. Breki ikirudi, inarudi na mteja mwenye hasira, na kijana anajifunza kuogopa kaunta.

Pesa inahitaji siku yake. Juba watu hawahesabu noti moja moja kwa ununuzi mkubwa, wanapokea mabunda. Bunda la noti 100 za pauni 1,000 ni pauni 100,000, na bunda lililofungwa kwa raba linaweza kuwa na noti 97. Mfanyakazi mpya anaona aibu kulifungua mbele ya mteja mtu mzima. Asipoambiwa waziwazi kwamba kulihesabu si utovu wa adabu, hatalihesabu. Mwenye duka mmoja wa Jebel huwafundisha wasaidizi wake kwa kuwaletea bunda alilolipunguza mwenyewe makusudi, mara mbili tatu katika wiki ya kwanza, mpaka wazoee kulifungua. Mwanzoni nilidhani ni mtego. Yeye anawaambia siku ya kwanza kwamba atafanya hivyo, kwa hiyo hakuna anayetegewa.

Hali ni hiyohiyo kwa pesa za simu. Tangu m-Gurush ianze mwaka 2019 wateja wengi wanaonyesha ujumbe kwenye simu na kusema nimeshalipa. Kijana afundishwe jambo moja tu hapo: asisome simu ya mteja, aangalie salio la duka.

Hesabu nusu unazijua tayari

Lugha ndiyo kisingizio kikubwa. Katiba ya mpito ya mwaka 2011 inakitambua Kiingereza kuwa lugha ya serikali, lakini soko la Juba linazungumza Kiarabu cha Juba, na mfanyabiashara wa Kiswahili hulalamika kwamba haelewani na msaidizi wake. Hapa napingana naye kidogo. Mezani kwa duka maneno yanayohitajika si mengi, na mengi ni ndugu.

Duka ni dukan. Soko ni suk. Sukari ni sukar, sabuni ni sabun. Pesa ni gurush, ambalo ndilo jina lililoingia kwenye m-Gurush. Bei gani ni bi kam. Ipo ni fi, haipo ni mafi. Nenda kwenye hesabu: sita ni sita, saba ni saba, tisa ni tisa. Ishirini ni ishrin, hamsini ni khamsin, mia ni miya, elfu ni alf. Kwa nyingine, anza na makumi unayoyajua urudi nyuma: thelathini inakupa talata, arobaini inakupa arba, hamsini inakupa khamsa, themanini inakupa tamanya. Zinabaki wahid, itnin na ashara, yaani moja, mbili na kumi. Mtu anayezungumza Kiswahili anaweza kujifunza kuhesabu pesa Juba kwa jioni moja, na msaidizi wake vilevile kwa upande wa pili. Wanubi wa Kibera na Bombo hata jioni hiyo hawaihitaji, maana Kinubi chao na lugha hii ni watoto wa mama mmoja.

Kuna neno jingine la kufundishwa mapema: bukra, kesho. Ndilo neno la mteja wa mkopo.

Asiyesoma anahesabu

Utafiti wa kaya wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa watu wazima waliojua kusoma na kuandika Sudan Kusini walikuwa asilimia 27, na kwa wanawake asilimia 16. Shule zimeongezeka tangu wakati huo, lakini vita vilivyoanza Desemba 2013 viliwakuta wengi wa wanaotafuta kazi leo wakiwa darasani, na viliwatoa. Kwa hiyo mwenye duka anayemkabidhi mfanyakazi daftari na kuamini ameweka utaratibu, mara nyingi amekabidhi karatasi.

Kibanda cha mama wa Arua kina daftari, analijaza mwenyewe jioni. Msichana anafanya kazi na makopo mawili ya maziwa na kokoto. Asubuhi kopo la kwanza lina kokoto 14 kwa kila gunia lililofunguliwa. Malwa ikiuzwa, kokoto moja inahamia kopo la pili. Ikienda kwa mkopo, badala ya kokoto kinaingia kizibo cha soda. Bei ikibadilika mchana, kopo la pili linawekwa kando na la tatu linaanza. Jioni kokoto zinahesabiwa na pesa inahesabiwa, na kama haziendani, wote wawili wanajua siku hiyohiyo na kumbukumbu ingali mbichi: nani alikuja, nani aliondoka na kilima.

Hesabu ya jioni ndiyo waliyoisisitiza wote niliowaona wakifanikiwa. Mwenye duka akihesabu mara moja kwa mwezi, upungufu ni mkubwa na hauna jina, na hapo neno mwizi linakuja lenyewe. Ukihesabu kila jioni, upungufu ni malwa moja na una saa yake. Mwenye duka akiwa safarini, hesabu inapigwa kwa simu, saa moja ile ile kila siku. Muuza saruji mmoja wa Gumbo ananiambia hata akiwa ndani ya basi anapiga, na kama hakuna mtandao anapiga akifika Nimule. Haulizi "mambo vipi dukani". Anauliza mifuko mingapi imebaki, pesa ngapi ipo, nani amechukua bukra.

Kuna jambo ambalo karibu wote walilisahau mpaka likawauma, nalo ni mipaka ya madaraka. Mteja anaomba apunguziwe. Msaidizi apunguze mpaka wapi? Asipojua, ama atakataa kila mtu na duka likachukiwa, ama atakubali kila mtu. Jibu la namba moja linatosha: mpaka kiasi hiki amua mwenyewe, zaidi ya hapo nipigie.

Walivyofanya wakati wa vita

Haya si mageni duniani. Mwaka 1940 Marekani ilijikuta na viwanda vinavyotakiwa kutengeneza silaha haraka, na mafundi hawatoshi. Wakaanzisha mpango wa kuwafundisha wasimamizi jinsi ya kumfundisha mtu mpya, na hadi mwaka 1945 zaidi ya watu milioni moja na nusu walikuwa wamepita humo. Wasimamizi walipewa kadi ya kuingia mfukoni yenye hatua nne: mwandae, mwonyeshe, mjaribishe, mfuatilie. Kazi ya kusaga lenzi iliyochukua miaka kujifunza ikawa ya miezi. Waliweka pia msingi ambao wenye maduka wetu hawaupendi: mwanafunzi asipojua, aulizwe mwalimu. Baada ya vita Wajapani waliuchukua mpango huo, Toyota wakiwamo.

Mama wa Arua hajawahi kuiona kadi hiyo. Lakini alimwandaa, akamwonyesha, akamjaribisha, na sasa yuko njiani anapiga simu.

Anayejua ataondoka

Kuna pingamizi moja zito, nalo nilipewa na mzee mmoja muuza nguo mwenye miaka mingi sokoni. Nikimfundisha upesi, alisema, baada ya mwaka atafungua kibanda pembeni yangu na wateja wangu. Ni kweli, wapo. Ndiyo maana wengi huficha mambo mawili makusudi: mahali wanaponunua na bei wanayonunulia. Sidhani wanakosea kuyaficha hayo mwanzoni. Msaidizi hahitaji kujua bei ya Kampala ili apime malwa sawasawa.

Lakini kumnyima mtu kopo la kupimia kwa kuogopa ushindani ni kujinyima pesa leo kwa hofu ya mwakani. Waigbo wa Nigeria wana njia yao: kijana anafanya kazi kwa bwana wake kwa miaka waliyokubaliana mbele ya wazazi, na akimaliza vizuri bwana anampa mtaji wa kuanzia. Kuondoka kumo ndani ya makubaliano tangu siku ya kwanza. Huku kwetu kuondoka kunafanyika usiku, na watu hawasalimiani tena.

Na Juba ina sababu yake ya kutaka mtu mwingine ajue kuendesha duka. Julai 2016 mapigano yalipolipuka mjini, Uganda ilituma msafara wa jeshi kuwaondoa raia wake. Walipanda malori na walichoweza kubeba. Vibanda, magunia na madeni ya wateja vilibaki nyuma. Ufunguo uliachwa kwa nani? Kila mfanyabiashara wa siku zile ana jibu lake, na nilipouliza, wengine walibadilisha mazungumzo.

Jumapili

Nilirudi Konyo Konyo Jumapili saa kumi na moja jioni. Mama alikuwa amefika saa moja kabla, vumbi la barabara bado liko kwenye kitenge chake, mzigo wake unashushwa Gumbo. Hakuwa amebadilisha viatu. Makopo yalikuwa mezani na msichana alikuwa amesimama, mikono nyuma, kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

Magunia mawili ya mahindi yalikuwa yamekwisha. Malwa 28. Mama akamwaga kokoto, akahesabu mbili mbili: 27. Akahesabu tena. Akanyanyua macho.

"Kizibo, mama," msichana akasema, akaonyesha kizibo kimoja cha soda kilichojificha chini ya kopo. Mkopo. Nani? Akaelekeza kidole ng'ambo ya kichochoro, kwa muuza masufuria, ambaye alikuwa ameshaanza kutoa pesa mfukoni huku akicheka.

Pesa ikahesabiwa, bunda moja likafunguliwa, ikatimia. Mama akaketi juu ya gunia, akavua viatu, akaomba maji. Kisha akamwambia asubuhi awahi, waanze mchele.